Draiva ya 5.10 imegoma kwenye 6.12: violesura vya ndani vya kerneli hubadilishwa kwa faida ya nani?

bisibisi aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nina draiva ya Linux ninayoitunza mwenyewe. Haimo kwenye chanzo rasmi cha kerneli (moyo wa Linux), inakaa kwenye folda yake na kujengwa kama moduli. Ni ya ubao wa kuhesabu mapigo: kuna FPGA (chipu inayopangwa upya) yenye rejista zake, laini moja ya intarapti, saa inayotoka kwenye prosesa, na pembeni kihisi joto kinachoongea kwa I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu). Programu ya juu inasoma hesabu kupitia faili la /dev, na ikitaka data nyingi inatumia mmap, yaani inaiona bafa ya kerneli moja kwa moja. Walioiandika mwanzoni ni waliotuuzia ubao, nao siku hizi hawajibu barua. Kwa hiyo mzigo umenibakia mimi.

Kwenye 5.10 ilikuwa inatembea bila neno. Sasa tunahamia 6.12, na kompaila imenimwagia haya (nimefupisha):

```
class_create: vigezo vimezidi
eventfd_signal: vigezo vimezidi
platform_driver .remove: aina ya pointa hailingani
i2c_driver .probe na .remove: hailingani
vma->vm_flags: hairuhusiwi kuandikwa
no_llseek: haijulikani
```

Hakuna hata kosa moja hapo linalohusu ubao wangu. Ubao ni uleule, rejista zilezile, waya uleule. Kilichobadilika ni majina na idadi ya vigezo kwenye funkshoni ambazo mimi naziita tu. Naambiwa huko ndani wanarahisisha violesura. Wanamrahisishia nani, ikiwa mimi ndiye nakesha?

Nauliza mawili. Kwanza, nifanyeje: nijaze `#if` za toleo kila kona ya msimbo, au kuna njia ya kistaarabu zaidi? Pili, kuna mwenzangu kaniambia nitumie familia ya `devm_` (funkshoni ambazo rasilimali zake huachiliwa na kerneli yenyewe) kila mahali halafu nifute `remove` yote, ile inayoitwa kifaa kikiondolewa. Kuna ukweli hapo?

Hii ndiyo `remove` ya sasa. Muundo `k` unatoka kwa `devm_kzalloc`, bafa ya mmap nimeitenga kwa `vmalloc_user`.

```c
static int kihesabu_remove(struct platform_device *pdev)
{
        struct kihesabu *k = platform_get_drvdata(pdev);

        if (atomic_read(&k->watumiaji) > 0)
                return -EBUSY;

        cdev_del(&k->cdev);
        free_irq(k->irq, k);
        clk_disable_unprepare(k->saa);
        iounmap(k->msingi);
        vfree(k->bafa);
        return 0;
}
```

---

nanga alijibu:

Pole mkuu, karibu kwenye kundi la waliochoka. Programu ya juu iliyojengwa enzi za kerneli za 2.6 ukiiendesha leo inafanya kazi, kwa sababu upande ule kuvunja ni mwiko. Upande wetu wa ndani hakuna mwiko. Wanaandika wazi kabisa kwenye nyaraka zao kwamba violesura vya ndani havina ahadi yoyote, na hawaoni haya.

Mimi ushauri wangu ni mfupi: baki 5.10 hadi waache kuitunza, halafu uhame mara moja tu.

---

fundi_rejista alijibu:

Bisibisi, weka orodha ya makosa kando kwanza. Hebu tazama mstari wako wa `-EBUSY`.

Ulipouandika (au walipouandika waliokuuzia) nia ilikuwa nzuri: kama kuna programu imefungua faili, kifaa kisiondolewe. Ila nani anasoma hilo jibu? Hakuna. Kiini cha mfumo wa vifaa kikishaanza kutenganisha draiva na kifaa hakirudi nyuma. Kinaita `remove`, kinapokea namba yako, na kuendelea na safari yake. Kabla ya kubadilishwa, kerneli ilikuwa inaandika onyo kwenye logi kwamba jibu lisilo sifuri litapuuzwa. Na haiwezi kufanya vingine: mtu akichomoa kifaa cha USB, utamjibu `-EBUSY` nani?

Sasa fuatilia kinachotokea kwako. Mtu anatenganisha draiva na kifaa kupitia sysfs (mafaili ya /sys) wakati faili liko wazi. Unarudisha `-EBUSY`, kwa hiyo `free_irq` haikuitwa, saa haikuzimwa, `iounmap` haikufanyika. Kiini kinaendelea, na kwa kuwa `k` ni ya `devm_kzalloc`, kinaiachia memori yake. Intarapti bado imesajiliwa, na pointa iliyokabidhiwa inaelekea kwenye memori ambayo si yako tena. Pigo la kwanza likiingia, umekwisha.

Huenda hujawahi kuliona kwa sababu siku zote unatumia `rmmod`, na `rmmod` inakataa mapema kabisa faili likiwa wazi, kwa kuwa `file_operations` ina `.owner`. Yaani kilichokuwa kinakulinda ni hesabu ya watumiaji wa moduli. Huo ukaguzi wako wa `watumiaji` haukuwahi kuzuia chochote.

Hiyo `int` ndiyo waliyoiondoa. Draiva nyingi ndani ya chanzo rasmi zilikuwa na mtego huohuo: mtu anakutana na hitilafu katikati ya `remove`, anarudi mapema akidhani ametoa taarifa, kumbe amevujisha kila kitu kilichobaki chini yake. Upande wa SPI (njia nyingine ya kuunganisha chipu) ilifanyiwa `void` kwenye 5.18, I2C kwenye 6.1. Kwa platform (vifaa visivyo na basi lao, kama chako) ilikuwa kazi ndefu maana draiva zake ni nyingi mno. Kwenye 6.3 wakaweka jina la muda, `.remove_new`, lenye `void`, wakazihamisha draiva kundi kwa kundi, na 6.11 ndipo `.remove` yenyewe ikawa `void`. Jina la muda likaachwa likubalike kwa kipindi ili asikwame mtu katikati. Mimi nazifuata kazi za namna hii kwa jicho la uchoyo, na ile ilifanywa kwa adabu.

Sasa rudi kwenye orodha yako, usome kila kosa kwa jicho hilohilo.

`eventfd_signal`, ya kuiamsha programu ya juu: kigezo cha pili kilikuwa idadi ya kuongeza. Tangu eventfd ilipoingia 2007, waitaji walikuwa wanapitisha 1. Kikaondolewa kwenye 6.8. Futa `, 1` yako, umemaliza.

`class_create`: kigezo cha `THIS_MODULE` hakikuwa kinafanya lolote la maana. Kikaondoka 6.4.

`.probe` ya I2C: kigezo cha pili, yaani ingizo la jedwali la vitambulisho, draiva nyingi zilikipokea zikakiacha bila kukigusa. Tangu 6.3 hakipo. Anayekihitaji kweli anaita `i2c_client_get_device_id()`.

`no_llseek`: sasa usipoweka chochote inamaanisha kilekile, kwa hiyo jina likaondolewa. Futa mstari mzima.

`vm_flags` ni hadithi tofauti kidogo, na ndiyo ninayoipenda. Zamani kila draiva ilikuwa inachovya mkono kwenye `vma->vm_flags` inavyotaka. Watu wa memori walitaka kufuli la kila eneo kivyake, lile lililoingia 6.4, na hilo haliwezekani ukiwa na mamia ya sehemu zinazobadilisha bendera bila kukaguliwa kama zimeshika kufuli. Kwenye 6.3 wakaiweka kuwa ya kusoma tu, na anayetaka kubadilisha apitie `vm_flags_set()` au `vm_flags_clear()`, ambamo ukaguzi wa kufuli unafanyika mahali pamoja. Hapo wewe umepata kazi ya ziada ili mfumo mzima uende kasi zaidi, ikiwemo programu yako ya juu. Ila nadhani kwako hata hiyo kazi haipo. Kama bafa ni ya `vmalloc_user` na unaipeleka juu kwa `remap_vmalloc_range`, funkshoni hiyo inaweka `VM_DONTEXPAND` na `VM_DONTDUMP` yenyewe. Kama ndizo bendera ulizokuwa unaziweka kwa mkono, futa mstari.

Umeona? Karibu kila kilichokugomea ni kitu ulichokuwa unakisema pasipo msikilizaji. Jibu lisilosomwa, moja isiyobadilika, kigezo kisichotumika. Kiolesura kikiwa na sehemu kama hizo, mwandishi wa draiva anazijaza kwa imani, halafu anajenga mantiki juu yake, kama wewe ulivyojenga ulinzi wako juu ya `-EBUSY`. Mimi kurahisisha nakuelewa hivyo, wala sijali sana kama mistari imepungua au imeongezeka.

Nanga, kuhusu nani anabeba gharama: anayebadilisha kiolesura anawajibika kurekebisha waitaji wote waliomo ndani ya chanzo rasmi, la sivyo hakijengeki. Ndiyo maana wana zana kama Coccinelle, iliyotoka kwa watafiti wa Ufaransa. Unaeleza badiliko kwa umbo la msimbo, nayo inakwenda kulifanya kwenye maelfu ya mafaili. Aliye nje ya chanzo hana wa kumfanyia. Unaweza kulilalamikia hilo, lakini huwezi kusema ni siri. USB peke yake violesura vyake vya ndani vimeandikwa upya angalau mara tatu. Wangebanwa na ahadi ya kutovunja, leo kila draiva ya USB ingekuwa inabeba njia zote za kale, pamoja na hitilafu zake.

Na huo ushauri wa kubaki 5.10 "hadi waache": 5.10 ilitoka Desemba 2020 na matunzo yake yamepangiwa kuisha Desemba 2026. Ukisubiri hadi siku ya mwisho, orodha yako haitakuwa na makosa sita. Kwa mfano `del_timer` imekuwa `timer_delete` kwenye 6.15, na `from_timer` ikawa `timer_container_of` kwenye 6.16. Hayo kwenye 6.12 bado hujayaona.

Sasa `#if`. Usizimwage ndani ya draiva. Andika draiva yako kana kwamba kerneli ni ya leo tu, halafu kama unalazimika kuendelea kujenga kwenye 5.10, tengeneza faili moja la kichwa linaloifanya kerneli kuukuu ionekane mpya:

```c
/* linganifu.h: futa faili hili siku 5.10 ikizikwa */
#if LINUX_VERSION_CODE < KERNEL_VERSION(6, 4, 0)
#define kh_class_create(jina)   class_create(THIS_MODULE, jina)
#else
#define kh_class_create(jina)   class_create(jina)
#endif

#if LINUX_VERSION_CODE < KERNEL_VERSION(6, 8, 0)
#define kh_eventfd_signal(c)    eventfd_signal(c, 1)
#else
#define kh_eventfd_signal(c)    eventfd_signal(c)
#endif
```

Uelekeo ndio muhimu. Wengi hufanya kinyume, wanabakiza msimbo wa zamani kisha wanauviringisha ili ukubalike na kerneli mpya. Matokeo yake kila toleo jipya linaongeza tabaka, na hakuna siku litakalopungua. Angalizo moja: namba ya toleo inaweza kukudanganya kwenye kerneli za usambazaji wa kibiashara, maana wao huchukua mabadiliko ya mbele na kuyarudisha kwenye namba ya nyuma. Ukijenga huko itabidi ujaribu kitu chenyewe badala ya kuiamini namba.

Swali la `devm_` nitalirudia. Kwanza badilisha haya, kisha utuambie.

---

mpiga_kasia alijibu:

Naongeza upande wa pili maana natumia FreeBSD. Kule `detach` bado inarudisha `int`, na kiini kinaisikiliza: ukirudisha `EBUSY`, `kldunload` inashindwa na kifaa kinabaki kilipo. Kwa hiyo ile mantiki ya bisibisi kule ingekuwa halali kabisa. Na ukiita `destroy_dev()` inasubiri nyuzi zote zitoke kwanza ndani ya funkshoni za lile faili la /dev, wala hulazimiki kujijengea kizuizi chako.

Sisemi kule ni peponi. Kifaa kikichomolewa kimechomolewa tu, uwe umekubali au umekataa. Na hata kule wanapogoa: kwenye toleo la 14 makro ya `DRIVER_MODULE` iliondolewa kigezo cha devclass kwa sababu draiva karibu zote hazikuwa zinakihitaji, na wenye draiva za nje wakalazimika kugusa msimbo. Tofauti ni kwamba ndani ya tawi moja thabiti wanajitahidi usivunjikiwe, mabadiliko ya namna hii yanasubiri toleo kubwa. Nanga labda angependa kule.

---

nanga alijibu:

Ningependa sana. Tatizo ni kwamba mwenye kutoa mshahara hapendi.

---

bisibisi alijibu:

Shikamoo fundi. Nimekaa na msimbo, nimefuata ulivyosema na inajengeka. Mstari wa `vm_flags` umeondoka kweli, zilikuwa bendera hizohizo mbili.

Nikaona nisikusubiri, nikahamia `devm_`. `probe` (inayoitwa draiva ikiunganishwa na kifaa) imepungua kwa karibu nusu, zile lebo za `goto` zote zimekwenda:

```c
k->msingi = devm_platform_ioremap_resource(pdev, 0);
if (!k->msingi)
        return -ENOMEM;

k->saa = devm_clk_get_enabled(dev, NULL);
if (IS_ERR(k->saa))
        return dev_err_probe(dev, PTR_ERR(k->saa), "saa haipo\n");

ret = devm_request_irq(dev, k->irq, kihesabu_irq, 0, "kihesabu", k);
```

`remove` imebaki na `cdev_del` na `vfree` basi. Halafu nikajaribu ulichokieleza: nikafungua faili kwa programu inayosoma, nikatenganisha kupitia sysfs. Safari hii hakuna `-EBUSY` ya kunidanganya, lakini kerneli imelia vilevile, mara moja ndani ya `read`, na mara nyingine ndani ya intarapti. Kwa hiyo `devm_` haijanisaidia au mimi ndiye sijaielewa?

---

fundi_rejista alijibu:

Marahaba. Imekusaidia pale inapojua, ila umeikabidhi na pale isipojua.

Kabla ya yote, `ioremap` ya zamani ilikuwa inarudisha NULL ikishindwa. `devm_platform_ioremap_resource` inarudisha pointa ya kosa, na pointa ya kosa si NULL. Ukaguzi wako wa `!k->msingi` hautamnasa mtu. Weka `IS_ERR` na `PTR_ERR` kama ulivyofanya kwenye saa. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote wakati wa kuhamia, na kompaila haitakwambia.

Sasa `devm_`. Ilianza kwenye 2.6.21, mwaka 2007, na wazo lake ni jepesi: kila ulichoomba kwenye `probe` kinaandikwa kwenye orodha ya kifaa, na draiva ikitenganishwa orodha inafumuliwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, baada ya `remove` yako kumaliza. Kumbuka hilo la "baada". Wewe `vfree(k->bafa)` iko ndani ya `remove`, na intarapti inaachiliwa baadaye. Katikati kuna upenyo ambamo bafa haipo na intarapti bado ni hai. Huko ndiko ilikolilia mara ya pili. Ukichanganya rasilimali za `devm_` na za mkono, mpangilio unavunjika kimyakimya. Kama sheria: kuanzia kitu cha kwanza ulichokichukua kwa mkono, kila kinachokifuata kwenye `probe` nacho kiwe cha mkono. Au ukifungie kile cha mkono kwenye orodha kwa `devm_add_action_or_reset`, kiingie foleni na wenzake.

Kilio cha kwanza ni kizito zaidi. `devm_kzalloc` inafunga uhai wa `k` kwenye uunganisho wa draiva na kifaa. Lakini aliyefungua faili lako hakufungwa na uunganisho huo, yeye anaishi hadi afunge faili mwenyewe. Una `cdev` (upande wa kerneli wa lile faili la /dev) ndani ya `k`, kwa hiyo `k` ikiondoka, faili lililo wazi linaelea hewani. Chochote ambacho programu ya juu inaweza kukishika hakitakiwi kuwa cha `devm_`. Kitenge kwa `kzalloc`, na kiachiliwe na mshikaji wa mwisho:

```c
struct kihesabu {
        struct device dev;
        struct cdev cdev;
        struct rw_semaphore lango;
        wait_queue_head_t foleni;
        bool kimeondoka;
        void __iomem *msingi;
        void *bafa;
};

static void kihesabu_release(struct device *dev)
{
        struct kihesabu *k = container_of(dev, struct kihesabu, dev);

        vfree(k->bafa);
        kfree(k);
}

static void kihesabu_remove(struct platform_device *pdev)
{
        struct kihesabu *k = platform_get_drvdata(pdev);

        cdev_device_del(&k->cdev, &k->dev);

        down_write(&k->lango);
        k->kimeondoka = true;
        writel(0, k->msingi + RUHUSU_IRQ);
        up_write(&k->lango);

        wake_up_all(&k->foleni);
}
```

Utauliza `put_device` iko wapi. Ukiiweka mwisho wa `remove`, na hakuna aliyefungua faili, `k` inaondoka palepale huku intarapti ya `devm_` bado imesajiliwa ikiishikilia. Tumerudi tulikotoka. Kwa hiyo mara tu baada ya `device_initialize`, kabla ya kuomba kingine chochote, isajili kwa `devm_add_action_or_reset`. Ikiwa ya kwanza kuingia itakuwa ya mwisho kutekelezwa, baada ya intarapti, saa na rejista kuachiliwa. Hapo mpangilio wa kinyumenyume unakufanyia kazi.

Kwenye `read` na `ioctl`: shika kufuli la `lango` kwa `down_read`, angalia `kimeondoka`, kama ni kweli rudisha `-ENODEV`. Rejista ziguswe humo ndani ya lango tu, kwa sababu `msingi` haina maana tena baada ya kutengana. Na usilale ukiwa umeshika lango. Ukisubiri data, achia kwanza, na sharti la kuamka liwe "kuna data au kifaa kimeondoka". Ukilala nalo, `down_write` ya `remove` itasubiri hadi kiama. `cdev_device_add` inaifanya `cdev` imshikilie `dev` kama mzazi, ndiyo maana `release` haiwezi kuitwa kabla faili la mwisho halijafungwa. Mmap usiihofie, kurasa zilizopelekwa juu zina hesabu yake.

Ni mistari mingi kuliko ile `probe` uliyoifurahia, najua. Wapo watu wazito kwenye kerneli wanaosema hadharani kwamba `devm_kzalloc` ina madhara kwa sababu hii hasa, kwamba imewazoesha watu kutofikiri nani anashika nini hadi lini. Mimi sifiki huko. Kwa saa, rejista na intarapti, vitu ambavyo draiva peke yake ndiyo inavigusa, naitumia bila wasiwasi. Kihisi chako cha I2C kwa mfano, kama kinaishia hwmon (mfumo wa kerneli wa vihisi joto na volti), tumia `devm_hwmon_device_register_with_info` na hutahitaji `remove` kabisa. Huyo mwenzako alikuwa sahihi kwa draiva hiyo ndogo.

---

bisibisi alijibu:

Kihisi kinaishia hwmon kweli. `remove` yake ilikuwa inafuta usajili tu, nimeiondoa yote.

Kihesabu nimekipanga upya hivyo. Nikitenganisha, programu inayosoma inapata `-ENODEV` na kufunga faili kistaarabu, nikiunganisha tena inaendelea. Swali dogo la mwisho: nitajuaje kama upenyo wa intarapti umeziba kweli? Mapigo yangu hayaji kwa wingi kiasi cha kuugonga kwa bahati.

---

mpiga_kasia alijibu:

Usitegemee bahati. Jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_KASAN`, ikamate kila anayegusa memori iliyoachiliwa. Ongeza `CONFIG_DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE`: kila draiva ikiunganishwa, kerneli inaita `probe`, kisha `remove`, kisha `probe` tena, kwa hiyo njia ya kuondoka inapitiwa hata kama hukuiomba. Na kama laini yako ya intarapti inaweza kusajiliwa kwa `IRQF_SHARED`, isajili hivyo kwa muda wa jaribio na uwashe `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`. Hiyo inaita funkshoni yako ya intarapti mara moja ya ziada wakati wa kuiachilia, yaani inaugonga upenyo kwa makusudi.

Usiipeleke kerneli hiyo kazini lakini. Draiva za wengine zitaanza kulia kabla hata ya yako kuguswa.

---

fundi_rejista alijibu:

Ya `DEBUG_SHIRQ` nilitaka kuiandika, umeniwahi. Bisibisi, kumbuka kuirudisha bendera ukimaliza. Draiva inayokubali laini ya pamoja lazima isome rejista ya hali na kurudisha `IRQ_NONE` kama pigo si lake, na yako sijaona ikifanya hivyo.

---

bisibisi alijibu:

Haikuwa inafanya. Rejista ya hali ipo kwenye FPGA, nimeongeza ukaguzi na nimeamua kuuacha hata baada ya jaribio. KASAN imenyamaza. Nahamia kusafisha `linganifu.h`.